Usiniulize dawa ya mpunga ulioungua, niulize mbegu

 

Kila mwaka mpunga ukishafika magotini naanza kupokea picha kwenye simu. Jani lina ukingo wa njano, ncha imekauka kama imepitiwa na moto, na chini ya picha kuna maneno machache: "Afisa, nipige dawa gani?" Wengine hawasubiri hata jibu. Wameshapita duka la pembejeo, wameuziwa dawa ya ukungu, wamejaza bomba na kupiga eka tatu. Baada ya wiki mbili wanarudi: "Mbona haijasaidia?"

Leo nalijibu swali hilo mara moja kwa wote, na najua jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Kama ulichonacho ni bakajani bakteria, hakuna dawa ya kupiga itakayokuokoa. Hela unayotaka kuiweka kwenye bomba ilitakiwa iende kwenye mbegu miezi mitatu nyuma. Huo ndio msimamo wangu, na siusemi kwa ubishi. Nausema kwa sababu ya jinsi bakteria huyu anavyofanya kazi ndani ya jani. Ukishaelewa hilo, mengine yote utayapata mwenyewe.

Mimi ni mtu wa stashahada, kazi yangu ni ugani, sio mtafiti wa maabara. Lakini hii habari ya jeni za bakteria wa mpunga nimeisoma kwa makini, na naona inamhusu mkulima wa Kwihara, Uyui, Nzega na Igunga kuliko watu wanavyodhani. Twende taratibu.

Kwanza tumjue adui

Kitaalamu anaitwa Xanthomonas oryzae. Ni bakteria, yaani kiumbe mdogo usiyeweza kumwona kwa macho. Sio ukungu, sio kirusi, sio mdudu wa miguu sita. Wajapani walianza kuuona ugonjwa wake Fukuoka mwaka 1884, kisha ukaja kusumbua Asia nzima kwenye mpunga.

Ana ndugu zake ambao baadhi yenu mnawajua. Ule mnyauko wa migomba uliothibitishwa Kagera mwaka 2006 unaletwa na Xanthomonas pia. Ni ukoo mmoja, tabia zinafanana.

Huyu wa mpunga anaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni vile vitundu vidogo vya pembeni mwa jani ambavyo mpunga hutolea maji, yale matone unayoyaona asubuhi kwenye ncha. Ya pili ni jeraha: jani lililochanwa na upepo, mzizi uliokatika wakati wa kung'oa mche, ncha uliyoikata kwa panga kabla ya kupandikiza. Akishaingia anakaa kwenye mirija inayopandisha maji ndani ya jani, na humo ndimo anamozaliana.

Hapo ndipo dawa yako inapokwama. Wewe unapiga juu ya jani, yeye yuko ndani ya bomba. Isitoshe, dawa nyingi za ukungu hazina kazi kwa bakteria. Ni kama kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo.

Jeni inawaka na kuzima

Hapa naomba utulivu kidogo, maana ndipo kwenye mzizi wa jambo.

Kila chembe hai ya mpunga ina kitabu kizima cha maelekezo, yaani DNA. Kila elekezo moja ndilo tunaloliita jeni. Chembe ya mzizi ina jeni zote za kutengeneza ua, na chembe ya jani ina jeni zote za kujaza punje. Mbona mzizi hautoi maua? Kwa sababu jeni haifanyi kazi mpaka iwashwe. Mbele ya kila jeni kuna kipande cha DNA ambacho ni kama swichi ya taa ukutani. Kikiguswa na kinachostahili kukigusa, jeni inawaka na kazi yake inafanyika. Kisipoguswa, jeni ipo lakini imelala.

Bakteria naye ana kitabu chake na swichi zake. Akiwa kwenye maji ya jaruba au kwenye sahani ya maabara yenye chakula kingi, zile jeni zake za kushambulia amezizima. Hazina kazi, na kuziwasha kunakula nguvu. Akishaingia ndani ya mpunga anaonja mazingira, anagundua kwamba amefika nyumbani kwa mtu, ndipo anapoziwasha. Kuna protini zake mbili, HrpG na HrpX, ambazo ni kama manahodha. Ya kwanza inaiamsha ya pili, na ya pili inawasha kundi zima la jeni za vita. Jeni hizo ndizo zinazotengeneza chombo mfano wa sindano kinachotoboa chembe ya mpunga.

Ana ujanja mwingine. Bakteria hawa wanahesabiana. Kila mmoja anatoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache inapotea tu, wakiwa wengi inajaa, na wakiihisi imejaa wanabadilisha jeni zipi ziwake na zipi zizime. Ute wao mzito pia unazidi kujaa kwenye mirija na kuzuia maji kupanda. Ndiyo maana unaweza kupita shambani leo ukaona mpunga mzima, ukarudi siku chache baadaye ukaona umeungua. Ugonjwa haukuja usiku ule. Ulikuwemo, unajikusanya.

Anavyofungua ghala kwa funguo za mwenye nyumba

Kwa ile sindano yake bakteria anaingiza ndani ya chembe ya mpunga protini zinazoitwa TAL. Nazo zinakwenda moja kwa moja mpaka kwenye DNA ya mpunga, zinatafuta swichi fulani, zinaibonyeza. Yaani bakteria anawasha jeni ya mpunga. Sio ya kwake, ya mpunga wako.

Jeni anayoitaka ni ya kundi linaloitwa SWEET. Hizo ni jeni zinazotengeneza milango ya kutolea sukari nje ya chembe. Mpunga unazihitaji kwa kazi zake halali, ikiwemo kupeleka sukari kwenye chavua na kujaza punje. Bakteria akiiwasha kwenye jani, mahali ambapo ilitakiwa iwe imezima, sukari inamwagika kuelekea alipo yeye. Anakula, anaongezeka, na jani lako linakufa.

Kwa hiyo mwizi huyu havunji mlango. Amechonga funguo inayofanana na ya mwenye nyumba, anafungua ghala taratibu, na mbwa wala habweki.

Mwaka 2009 wanasayansi waligundua jinsi hizo TAL zinavyosoma swichi. Kila TAL imejengwa kwa vipande vinavyojirudia, na kila kipande kinasoma herufi moja ya DNA. Ukijua mpangilio wa vipande, unajua funguo itafungua kitasa kipi. Hapo utaelewa jambo moja muhimu sana kwa mkulima: bakteria wa aina moja wanaweza kuwa na funguo tofauti. Mmoja anafungua SWEET11, mwingine SWEET13, mwingine SWEET14. Jani linaungua vilevile, dalili ni zilezile, lakini mlango uliofunguliwa ni mwingine.

Mbegu inayokinza kwa kawaida imebadilika kitasa kimojawapo, au ina mlinzi anayemtambua mwizi fulani. Akija mwizi mwenye funguo nyingine, mbegu hiyo iko uchi. Basi mtu akikwambia "hii mbegu inavumilia magonjwa", muulize: ugonjwa gani, na bakteria wa wapi?

Kilichoonekana Morogoro

Haya sio ya Japani tu. Mwaka 2019 ugonjwa huu ulilipuka kwenye mashamba ya mpunga mkoani Morogoro, eneo la Dakawa likiwemo. Watafiti walichukua majani, wakawatoa bakteria, wakasoma DNA yao.

Majibu yalishtua. Bakteria wa mpunga wanaojulikana zamani Afrika, hasa ukanda wa magharibi kama Mali, wote hufungua SWEET14. Wale wa Morogoro walikuwa na funguo ya SWEET11, ambayo hakuna bakteria wa Afrika aliyewahi kukutwa nayo kabla. Zaidi ya hapo, walikuwa na protini nyingine za kumpumbaza mlinzi mmoja wa mpunga anayeitwa Xa1, mlinzi ambaye kwa bakteria wa Kiafrika alikuwa anafanya kazi vizuri. Kwa DNA yao, ndugu zao wa karibu wako Asia.

Maana yake kwa lugha ya shamba: kuna mgeni. Na mgeni huyo amekuja na funguo ambazo vitasa vyetu havikuwahi kuzijaribu.

Kwihara inahusikaje?

Utaniambia Dakawa ni mbali, sisi tuko Tabora. Nitakujibu kwa historia ya hapahapa.

Wote mnalijua lile tembe la Kwihara ambalo sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walikaa hapo. Stanley alipoondoka kurudi pwani Machi 1872, Livingstone alibaki akisubiri wapagazi na vifaa, akaja kuondoka Agosti. Miezi mitano ya kusubiri mzigo. Ndivyo ile njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Unyanyembe na kuendelea Ujiji ilivyokuwa. Ilipitisha pembe, nguo, shanga, watu waliofungwa minyororo, na ilipitisha mbegu. Waarabu na Waswahili waliohamia Unyanyembe walikuwa walaji wa wali, na mpunga ukalimwa kuzunguka makazi yao. Mpunga una historia ndefu ya kusafiri kuja huku, hauwezi kuniambia mbegu hazitembei.

Tofauti ni kasi. Mbegu iliyobebwa kichwani kwa miezi, kwenye jua la Ugogo, ilikuwa na muda mrefu wa kukauka na kuonyesha hali yake kabla ya kuingia ardhini. Leo lori linalopita Dodoma, Singida na Nzega linafuata uelekeo uleule wa kale, na gunia la mpunga lililopakiwa Morogoro linashushwa Tabora mjini siku inayofuata. Nalo halibebi punje peke yake. Lina makapi, vipande vya majani makavu, udongo, na ndani ya hivyo bakteria anaweza kusafiri bila nauli.

Mimi sina tatizo na lori la mpunga wa kukoboa. Tatizo langu ni pale mtu anapoona punje nzuri kwenye mashine ya kukoboa, anasema "hii ni SARO kabisa", ananunua debe nne na kwenda kuziotesha kwenye kitalu. Hapo chakula kimegeuzwa mbegu. Hakuna aliyeikagua shambani ilikotoka, hakuna anayejua majani yake yalikuwaje, na jina umepewa na mtu wa mashine.

Nasi tuna mazingira yanayompendeza. Majaruba yetu yanapeana maji, jaruba la juu likijaa linamwagia la chini. Mwenye ugonjwa juu anawagawia wote. Mvua zetu zinakuja na upepo unaochana majani. Na wakulima wengi wa kibiashara mmeanza kutia yurea kwa nguvu ili mpunga uwe wa kijani haraka. Jani lililolewa naitrojeni ni laini na limejaa, na ugonjwa huu unalipenda.

Wanaonipinga

Hoja ya kwanza: "Mbegu iliyothibitishwa ni ghali." Sawa, tupige hesabu ya mfano tu. Una eka tano, unatarajia gunia 20 kwa eka, jumla gunia 100. Kwenye mbegu isiyokinza na msimu mbaya, ugonjwa huu unaweza kuondoa mpaka asilimia 70 ya mavuno. Tusiende huko, tuseme umepoteza asilimia 30 tu. Ni gunia 30. Sasa chukua bei ya mbegu iliyothibitishwa ya eka tano kwenye duka lako, igawe kwa bei ya gunia la mpunga wakati wa mavuno. Utapata ni gunia ngapi? Fanya hesabu hiyo mwenyewe leo jioni, usinisikilize mimi. Halafu uje uniambie kipi ni ghali.

Hoja ya pili: "Wazee wetu walipeana mbegu na hawakufa njaa." Kweli, na siwadharau. Lakini mzee alichagua masuke shambani kwake, kwenye mpunga aliouona tangu unachipua. Alijua jaruba lipi liliugua. Alipompa jirani mbegu alimpa na habari zake. Wewe unanunua punje zilizochanganywa kutoka mashamba ishirini kwa mtu usiyejua jina lake. Huo sio utaratibu wa wazee, usiwasingizie.

Hoja ya tatu, hii ya vijana wa mjini: "Sisi tunatumia antibayotiki, ile ya mifugo, inakausha." Ndugu zangu, acheni. Kumwaga antibayotiki jarubani ni kuwafundisha bakteria kuizoea, na hao bakteria hawaishii kwenye mpunga. Siku ng'ombe wako au mtoto wako akiihitaji, itakuwa imeshazoeleka. Halafu bado hujapata mavuno.

Hoja ya nne ndiyo nzito, naikubali nusu: "Hata mbegu ya dukani haisemi inakinza bakteria yupi." Ni kweli. Lebo ya TOSCI inakuhakikishia jina la mbegu, uotaji na usafi, na kwamba shamba lilikaguliwa. Haikwambii habari za SWEET wala Xa1. Hapa lawama siwapi wakulima. Naona sisi tulio kwenye sekta tunatakiwa tudai kila mbegu ya mpunga inayoidhinishwa ipimwe kwa bakteria wa hapa nchini, wakiwemo wale wa Morogoro, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mkulima atakielewa. Taasisi ya utafiti wa kilimo ipo, mamlaka ya afya ya mimea ipo. Kuipima mbegu kwa bakteria wa Mali au wa Ufilipino halafu kuiita inayokinza hapa Tanzania, hiyo kwangu ni nusu ya kazi.

Vipi kuhusu mpunga uliohaririwa?

Nimeulizwa sana, kwa hiyo naweka wazi.

Mwaka 2023 watafiti wa nchi kadhaa, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Heinrich Heine cha Düsseldorf, Ujerumani, walitoa matokeo kwenye jarida la eLife. Walichukua mpunga wetu wa Komboka, mbegu inayolimwa Afrika Mashariki, wakatumia teknolojia ya CRISPR kubadilisha herufi chache kwenye swichi za jeni tatu: SWEET11, SWEET13 na SWEET14. Walibadilisha sehemu sita ambazo bakteria huzisoma. Jeni zenyewe hawakuzigusa, kwa sababu mpunga unazihitaji kujaza punje. Walibadilisha vitasa tu, mwenye nyumba akabaki na funguo zake. Walipoujaribu kwa bakteria wa Asia, wa Afrika na wale wa Morogoro, ulikinza.

Mimi naliona hilo ni jambo la kujivunia na la kujadiliwa bila kutishana. Najua historia yetu. Novemba 2018 serikali iliagiza majaribio ya mazao ya GMO yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma, yasitishwe, na mjadala wa teknolojia hizi haujapoa. Kenya walitoa mwongozo wao wa uhariri wa jeni mwaka 2022. Wakulima vijana mnatakiwa muwe kwenye mjadala huo mkiwa na uelewa. Kubadilisha herufi chache za swichi ya mpunga ni jambo tofauti na kuingiza jeni ya kiumbe kingine. Unaweza kukubali au kukataa, lakini ujue unakubali au unakataa nini. Na swali la nani atamiliki mbegu hiyo na mkulima ataipata kwa bei gani ni swali halali, tuliulize kwa sauti.

Lakini msimu huu mbegu hiyo haipo dukani. Mtu akikuletea Komboka na kukwambia ni "ile ya CRISPR", anakutapeli.

Na usidhani dawa ya kinga iko Ulaya tu. Jeni ya ukinzani inayoitwa Xa21, iliyobainishwa mwaka 1995, ilitoka kwenye mpunga pori wa Mali. Mpunga pori wa aina hiyo upo hata Tanzania, na ni magugu yale mnayoyalaani majarubani. Ndani ya gugu kuna mali. Ila kwa sasa ling'oe, maana linaweza pia kumhifadhi bakteria kutoka msimu hadi msimu.

Fanya haya msimu huu

1. Nunua mbegu yenye lebo, au mbegu ya daraja la kuazimiwa kutoka kwa mzalishaji unayemjua na shamba unaloweza kulitembelea. Kwangua lebo uhakiki namba. Tunza risiti.

2. Kama lazima utumie mbegu yako, chagua kutoka jaruba ambalo halikuugua hata kidogo. Ipepete vizuri, itie kwenye maji ya chumvi, toa mapepe yanayoelea, kisha isuuze kwa maji safi. Hii haiui bakteria wote, inapunguza mzigo.

3. Usikate ncha za miche wakati wa kupandikiza. Najua inarahisisha kazi. Kila ncha iliyokatwa ni mlango umeachwa wazi.

4. Gawanya yurea mara mbili au tatu, usiimwage yote kwa mkupuo. Na usisahau potasiamu kama udongo wako hauna ya kutosha. Ukiona dalili za ugonjwa, simamisha kukuzia kwanza.

5. Jaruba lililougua lisimwagie la chini. Chepusha maji. Inapowezekana likaushe kidogo.

6. Usiingie kwenye mpunga wenye umande au uliotoka kunyeshewa, hasa ukitoka kwenye jaruba lenye ugonjwa. Miguu, jembe na nguo vinabeba.

7. Ukishavuna, maotea na masalia yang'olewe na kulimwa chini mapema. Usiache machipukizi mpaka msimu ujao.

8. Kabla ya kununua dawa yoyote, pima. Kata jani pale kijani kinapokutana na njano, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi, liangalie kwenye mwanga. Ukiona baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria. Kama jani lina madoa ya umbo la almasi, huo ni ukungu, dawa ipo. Kama mmea umedumaa na majani yana michirizi ya njano iliyochanganyika na kijani, fikiria kimyanga, ambao ni kirusi. Kama njano imeanza majani ya chini na imesambaa sawasawa, huenda ni njaa ya mbolea tu.

9. Toa taarifa. Afisa ugani wa kata yako yupo kwa ajili hiyo. Ukificha ugonjwa ili mnunuzi asikukimbie, mwakani utaununua tena kutoka kwa jirani yako.

Neno la mwisho. Kijana mwenye eka tano akipoteza msimu mmoja anarudi nyuma miaka miwili. Mkopo haungoji, ada haingoji. Bakteria huyu ameshafanya kazi yake ya kusoma: anajua swichi za mpunga wako herufi kwa herufi. Sisi tunaomlima ndio hatuwezi kuendelea kununua mbegu kwa kuitazama rangi. Kabla mvua hazijakolea, nenda dukani, shika mfuko, soma lebo, uliza maswali mpaka muuzaji achoke. Na kama una jibu la ile hesabu ya gunia, nitumie.

Kazi njema, tukutane majarubani.